Mzazi aliyeogopa mikono yake: uchambuzi wa kisa kimoja cha Moshi

Kisa hiki ni cha mama niliyemhudumia nikiwa muuguzi wa afya ya akili hapa Moshi. Ameniruhusu kukiandika. Nimebadilisha umri, kijiji, kazi na mambo mengine mawili matatu ili asitambulike, lakini mfuatano wa mambo nimeuacha kama ulivyokuwa. Nitamwita Mama K.

Nawaandikia hasa wauguzi wa kliniki za mama na mtoto, pia wachungaji na mapadri, maana mtu kama huyu hupita kwao kabla hajafika kwetu. Halafu kuna sababu ya pili. Katikati ya matibabu mimi mwenyewe nilikosea, na kosa langu lilifanana sana na wema.

Alikotoka

Mama K. alikuwa na miaka ishirini na kitu, fundi cherehani mwenye kibanda chake mjini. Mume wake anaendesha Coaster ya Moshi–Arusha. Mimba ya kwanza ilitoka ikiwa ya miezi minne. Ya pili ilikwenda vizuri, akajifungua salama mtoto wa kiume wa kilo 3.1, kisha akapelekwa kwa mama mkwe, juu huko migombani, kulelewa uzazi.

Kwa msomaji asiyeijua Kilimanjaro: mwanamke aliyejifungua huku anaitwa mzazi, na uzazi ni kipindi kizima. Wengi wanataja miezi mitatu. Mzazi hachoti maji, hapiki, hafagii. Asubuhi mtori, mchana nyama, jioni maziwa, na mlaso, chakula cha damu ya mnyama, kwa anayeuweza. Siubezi utaratibu huu hata kidogo. Mama anayekula na kulala ana kinga ambayo wenzake wengi wa vyumba vya kupanga hawaipati. Ila una upande wa pili. Unampa mtu saa nyingi chumbani, yeye na kichwa chake, na ni vigumu kusema ndani mwako kunawaka moto wakati watu wamekuchinjia mbuzi.

Hakuwahi kutibiwa ugonjwa wowote wa akili. Tulipochimba baadaye, akakumbuka kwamba shuleni bweni alikuwa akirudi mara tatu, mara nne, kuangalia kama tranka lake limefungwa. Wenzake wakambandika jina la Mama Kufuli. Tungeuliza mapema, tungeokoa siku kadhaa.

Utosi

Wiki ya tatu, mchana, alikuwa anampaka mtoto mafuta kichwani. Mtoto amelala mapajani, mdomo wazi kidogo. Akauona utosi unavyodunda chini ya ngozi, taratibu, kama kitu kinachopumua peke yake. Kidole chake cha shahada kilikuwa pembeni tu ya pale. Wazo likaja: bonyeza.

"Si sauti," aliniambia. "Ni mimi. Lakini si mimi."

Aliuondoa mkono kama aliyeshika sufuria ya moto. Mtoto hata hakuamka.

Mpaka hapo hakuna ugonjwa. Kilichofuata ndicho kilichomfikisha kwetu. Siku hiyo aliacha kumpaka mafuta kichwani. Siku mbili baadaye mama mkwe aliacha kisu cha kumenyea ndizi mshare juu ya kigoda, karibu na kitanda, na picha nyingine ikaja. Akamwomba wifi yake akiondoe. Kesho yake akataka visu vyote vihamishwe, akisema kuna panya wanavilamba. Halafu akaanza kuogopa beseni la kumwogeshea mtoto. Wifi akaanza kuogesha. Usiku alijifunga viganja kwa kanga kabla ya kulala, mtoto asije akaguswa na mikono ambayo hakuiamini tena.

Akaongeza sala. Zaburi ya 91, mara saba, kila wazo lilipokuja. Akikosea neno moja, anaanza upya kutoka mara ya kwanza. Kuna usiku aliianza upya mpaka jogoo wakawika, huku mtoto analia kunyonya na yeye hawezi kumchukua kabla hajamaliza ya saba.

Mama mkwe aliona mzazi hamshiki mtoto, akadhani kuna mkono wa mtu. Wakaenda kwenye maombi. Kiongozi wa maombi aliposikiliza alisema ni roho ya mauaji, na akaagiza mfungo wa siku tatu. Mzazi anayenyonyesha akafunga. Maziwa yakapungua, mtoto akazidi kulia, wazo nalo sasa likawa na jina.

Siku ya chanjo

Wiki ya sita alimpeleka mtoto kliniki kwa chanjo ya kwanza ya penta. Nesi wa pale alikuwa mpole, akamuuliza mbona amekonda. Mama K. akasema ukweli, kwa mara ya kwanza, kwa sentensi moja: "Nina mawazo ya kumuumiza mwanangu."

Nesi aliogopa. Simlaumu, sentensi hiyo ikikuangukia huku foleni ya akina mama thelathini iko mlangoni, utaogopa. Alimwita mama mkwe pembeni akamwambia asimwache huyu mama peke yake na mtoto hata dakika moja. Kwenye karatasi ya rufaa akaandika "saikosisi ya uzazi", yaani ugonjwa mkali wa akili unaomtoa mzazi kwenye uhalisia, bila alama ya kuuliza.

Walirudi nyumbani mtoto akiwa mgongoni kwa bibi yake. Kuanzia jioni hiyo mtoto alilala chumba kingine. Mama K. alikuwa anakamua maziwa kwenye kikombe, wifi anayapeleka. Mtaani maneno yakaanza: huyu atapelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Dodoma ni mbali, lakini jina la Mirembe huku halihitaji nauli.

Alipofika kwetu

Siku ya nane baada ya kliniki wakaja, yeye na mume wake. Daktari wa akili nami tulimwona kwa pamoja, kisha nikabaki naye peke yake.

Maswali tuliyomuuliza ni yale ambayo wengi wetu tunayakwepa kwa kudhani yatampa mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Wazo likija, unajisikiaje? Umewahi kuona lina mantiki, kwamba labda mtoto anastahili au itamsaidia? Kuna sauti inayokuamrisha? Unaamini mtoto huyu si wako, au ana nguvu fulani, au kuna watu wanamfuata? Unalala? Usipolala, unajisikia umechoka au unajisikia huhitaji usingizi? Umewahi kuandaa chochote?

Majibu yake yote yalielekea upande mmoja. Wazo lilimtia kichefuchefu. Hakusikia sauti. Alijua tarehe, alijua yuko wapi, alikuwa amechoka kupita kiasi na alitamani kulala. Maandalizi pekee aliyokuwa ameyafanya yalikuwa ya kumlinda mtoto: visu nje, mikono ndani ya kanga.

Hojaji ya Edinburgh, yenye maswali 10 ya kupima sonona kwa mama aliyejifungua, ilitoa alama 17 kati ya 30. Swali la mwisho, linalohusu kujidhuru, alilijibu kwa kunyamaza. Nikalirudia kwa maneno yangu. Akasema mara mbili amewaza kwamba akifa yeye, mtoto atakuwa salama.

Hatari iliyokuwa chumbani ilikuwa hapo. Kila mtu alikuwa akimlinda mtoto dhidi ya mama, na hakuna aliyeuliza nani anamlinda mama.

Tuliyoamua, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kumrudishia mtoto wake siku ileile. Haukuwa mwepesi, na tuliujadili kwa karibu saa nzima. Saikosisi ya uzazi ipo. Inampata mama 1 au 2 kati ya kila 1,000 wanaojifungua, mara nyingi ndani ya wiki mbili za mwanzo, na inahitaji hospitali siku hiyohiyo. Lakini picha ya huyu mama haikuwa hiyo. Alikuwa na ule ugonjwa ambao madaktari kwa kifupi huuita OCD: mawazo vamizi yanayomtisha mtu, na vitendo anavyoshurutika kuvifanya ili kuyazima. Kumtenga na mtoto kulikuwa kunamwambia kila saa kwamba ni kweli yeye ni hatari.

Hatukumruhusu aende hivihivi. Tulimwambia mume, mbele yake, dalili ambazo zikitokea wasisubiri asubuhi: akianza kusikia sauti, akiacha kulala na asione uchovu, akichanganyikiwa, akiona wazo lile ni sahihi au ni agizo, au akizungumzia kufa. Kwa ajili ya usalama wake mwenyewe tulikubaliana wifi alale chumba kimoja naye kwa wiki mbili. Tulimweleza wifi wazi kwamba yuko pale kwa ajili ya mama.

Uamuzi wa pili ulikuwa dawa. Daktari alichagua sertralini kwa sababu huingia kidogo sana kwenye maziwa, akaanza na kipimo cha chini. Mama mkwe aliposikia akasema dawa za vichaa zitamlevya mjukuu wake. Vidonge vilikaa kwenye kabati siku tisa kabla ya kumezwa.

Wa tatu ulikuwa kumpa neno. "Mawazo vamizi" ni neno letu la ofisini, halimfikii mtu wa migombani. Nilimwambia una wasiwasi. Kiswahili tumelitumia neno hili mpaka makali yameisha, tunasema nina wasiwasi na mvua, lakini katika Kiarabu lilikotoka ni mnong'ono, ule unaokujia kifuani usioutaka. Aliinua kichwa. "Ndiyo hivyo hivyo," akasema. "Unanong'ona."

Kisha nikampa zoezi. Kwa dakika moja, waza chochote duniani isipokuwa mbega, yule wa msituni juu mwenye mkia mweupe. Alifumba macho, akakunja uso. Baada ya muda mfupi akacheka, mara ya kwanza tangu aingie. "Dada, amejaa chumba kizima." Zoezi si la kwangu. Daniel Wegner na wenzake Marekani walilichapisha 1987 wakitumia dubu mweupe, wakaona kwamba anayekatazwa kuliwaza jambo hulirudia, na akiruhusiwa baadaye huliwaza zaidi. Sisi hatuna dubu.

Ngazi, na ujumbe wa jioni

Matibabu ya mazungumzo tuliyotumia ni ya kukikabili kinachoogopwa hatua kwa hatua, bila kufanya kile kitendo cha kujituliza. Victor Meyer aliandika kuhusu wagonjwa wake wa kwanza wa namna hii London mwaka 1966, na mpaka leo kwa ugonjwa huu sijaona kinachoishinda.

Tuliandika ngazi yake nyuma ya karatasi ya kalenda. Chini kabisa: kushika kisu, mtoto akiwa chumba kingine. Kisha kumenya ndizi tano mtoto akiwa kitandani chumba hichohicho. Kumpaka mafuta kichwani, polepole, utosi ukiwemo. Kumwogesha kwenye beseni, wifi akiwa nje. Juu kabisa: kumenya ndizi za mtori wa nyumba nzima, mtoto yuko mgongoni kwenye mbeleko, hakuna mtu mwingine nyumbani. Kila hatua anakaa nayo mpaka hofu ishuke yenyewe. Zaburi hairuhusiwi katikati.

Hili la Zaburi lilimuumiza. Nilimwomba aonane na mchungaji wake, si yule wa maombi, na nikaongea na mchungaji huyo kwa simu kwanza. Mzee yule alielewa haraka kuliko wataalamu wengi. Alimwambia asali mara moja tu jioni kama watu wengine, na akikosea neno asonge mbele, Mungu si mwalimu wa imla. Sikuweza kulisema vizuri hivyo.

Wiki mbili za kwanza alipanda hatua tatu. Kisha akakwama, na wiki ya nne akashuka. Nilitafuta sababu kwake, kwenye dawa, kwa mama mkwe. Sababu ilikuwa kwenye simu yangu.

Nilimpa namba yangu siku ya kwanza. Jioni ya kwanza aliandika: "Dada, una uhakika sitamdhuru?" Nikajibu: "Nina uhakika kabisa. Lala salama." Nani asingejibu hivyo? Kesho yake akauliza tena, kwa maneno tofauti kidogo. Nikajibu. Nilipokuja kuhesabu, wiki ya nne siku moja ilikuwa na ujumbe kumi na mmoja, na mimi nilikuwa nimejibu wote. Kila jibu lilimpa nusu saa ya utulivu, kisha shaka ikarudi na swali jipya: je, nilimweleza vizuri, au anasema ana uhakika kwa sababu hajui yote? Nilikuwa nimeing'oa Zaburi nikajiweka mimi mahali pake.

Nilipofungua macho nikamuuliza nani mwingine anayemhakikishia. Baba K., kwa mapenzi yake yote, alikuwa anapiga simu Coaster ikifika Bomang'ombe, anapiga tena Usa River, anapiga akifika stendi Arusha: "Mtoto mzima?" Na wakati wa kurudi vilevile. Mama K. alikuwa anakwenda kumkagua mtoto kila simu ikilia.

Tulikaa watatu tukabadilisha. Baba K. apige mara moja, na aulize amekula nini. Mimi nilimwonya kwamba jibu langu litabadilika na litamuudhi: "Labda ni wasiwasi unaongea. Sasa hivi mikono yako inafanya nini?" Alinichukia kwa siku nne hivi. Siku moja aliandika tu, "Una roho mbaya kumbe." Siku ya tano hakuandika. Wiki iliyofuata alimwogesha mtoto mwenyewe.

Mama mkwe

Nilichelewa kumwendea. Nilikuwa nikimtumia salamu na maelekezo kupitia kwa mwanawe, jambo ambalo kwa mwanamke wa umri ule, na mwenye nyumba, ni dharau. Wiki ya tano nikapanda. Shikamoo, chai, habari za ng'ombe. Nilimweleza kwamba mawazo haya hupita kwa watu wengi wazima kabisa. Stanley Rachman na Padmal de Silva walilionyesha hilo mwaka 1978, na 2008 Nichole Fairbrother na Sheila Woody wa Kanada waliwauliza akina mama wapya, karibu nusu wakasema wamewahi kupata wazo la kumdhuru mtoto kwa makusudi. Sikutaja majina haya kule jikoni, bila shaka. Nilisema tu, karibu nusu.

Alikaa kimya akikoroga chai. Kisha akasema, bila kuniangalia, kwamba alipokuwa na mtoto wake wa pili hakuwa anakwenda mfongoni peke yake miezi kadhaa. Maji ya mfereji yalikuwa yanapita kwa kasi, mtoto yuko mgongoni. "Nilikuwa nangoja mwenzangu. Nilisema naogopa kuteleza."

Hakuongeza neno, nami sikumuuliza. Ila kuanzia siku hiyo dawa zilimezwa kwa saa, na yeye ndiye aliyekuwa akikumbusha.

Matokeo

Wiki ya kumi na tatu alifika juu ya ngazi. Kwa maelezo yake, mtori ule ulikuwa na chumvi nyingi. Hojaji ya Edinburgh ilishuka hadi 6, na swali la mwisho alilijibu kwa mdomo, hapana.

Mawazo hayakuisha. Yalikuja mara chache kwa wiki, yakapita. Alipokuja mtoto akiwa na miezi tisa, siku ya chanjo ya surua, alinionyesha jinsi alivyorudi kazini: mtoto kwenye mkeka chini ya meza, yeye anakata kitenge juu yake kwa mkasi ule mkubwa wa ushonaji.

Si kila kitu kilikaa sawa. Mama yake mzazi hajaambiwa mpaka leo. Maneno ya mtaani hayakufutika. Na dawa aliiacha mwenyewe baada ya miezi minne, bila kutuambia, kwa kuwa alijiona mzima. Ndani ya mwezi kukagua pumzi za mtoto usiku kukarudi, tukaanza tena kwa miezi mingine.

Uchambuzi

Kilichosaidia zaidi, kwa maoni yangu, ni kutofautisha mapema. Anayeogopa wazo lake na anayelikubali wazo lake ni wagonjwa wawili tofauti, hata wakitamka sentensi ileile. Wa pili anahitaji kulindwa na mtoto kulindwa, leo. Wa kwanza hatuna ushahidi kwamba wazo lake peke yake linaongeza hatari kwa mtoto. Utafiti uliofuata wa Fairbrother na wenzake haukuona uhusiano huo. Nesi wa kliniki alisikia sentensi, hakuuliza swali la pili. Swali lenyewe ni fupi: likija, unajisikiaje?

Kuita wazo "roho ya mauaji" kulifanya madhara zaidi ya kitu kingine chochote katika kisa hiki. Lakini dini yenyewe haikuwa tatizo, na kama ningeiweka pembeni ningempoteza mama huyu. Yule mchungaji mzee alifanya kwa dakika kumi kazi ambayo mimi ingenichukua vikao vitatu.

Kosa langu la ujumbe nalirudia hapa kwa sababu naliona kwa wenzangu kila wiki. Tunafundishwa kutuliza. Kwa mgonjwa mwenye malaria anayeogopa, "usijali, utapona" ni dawa nzuri. Kwa mwenye wasiwasi wa aina hii, ukimpa uhakika leo, kesho atakuja kuchukua mwingine, na kila mara atahitaji mkubwa zaidi. Anachohitaji ni mtu wa kukaa naye ndani ya shaka bila kuiondoa. Ni kazi ngumu, na mtu ukishatoa namba yako ya simu ni ngumu zaidi. Siku hizi namba naitoa, ila tunapanga siku ya kwanza nitajibu nini na sitajibu nini.

Wazo la kujidhuru tulilipata kwa sababu tulirudia swali. Lingejibiwa kwa kalamu tu, tusingelijua.

Mara ya mwisho aliniuliza kama akipata mtoto wa pili yatarudi. Nilimwambia yanaweza kurudi, na kwa mtu aliyewahi kuyapata uwezekano ni mkubwa kiasi. Alitafakari, akauliza aje mimba ikiwa na miezi mingapi. Tukakubaliana saba. Akaniomba niandike kwenye daftari lake la vipimo vya wateja, chini ya kiuno na mabega ya mtu mwingine, ili asisahau.